Muziki Ufundishwe Darasani: Majibu kwa Madai Yanayosikika Migori na Homa Bay

Tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi walipoingia Gredi ya 10, muziki umekuwa somo ambalo mtoto anaweza kulichagua ndani ya mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Spoti, mkondo unaotambuliwa na serikali sawasawa na ule wa STEM na ule wa Sayansi za Jamii. Wenzao walio katika vidato vya juu wangali kwenye 8-4-4, na KCSE ya mwisho itafanywa 2027. Katika mifumo yote miwili muziki umo kwenye mtaala. Kwenye ratiba za shule nyingi za kaunti za Migori na Homa Bay haumo. Ukiuliza sababu, utajibiwa kwa madai ambayo yamerudiwa katika mikutano ya wazazi na vyumba vya walimu hadi yakazoeleka kama ukweli. Nitayajibu hapa, nikianza na lile linalowaogopesha wazazi zaidi.

“Muziki hautampeleka mtoto wangu popote.”

Tuutazame mtihani wenyewe. Katika KCSE, Muziki ni somo namba 511, lililo katika kundi la tano pamoja na Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu, Lugha ya Ishara ya Kenya na Biashara. A ya Muziki ina pointi 12, sawa na A ya Kemia. Tena tangu KCSE ya 2023, gredi ya wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Mtoto mwenye sikio zuri na sauti iliyozoezwa, anayepata B+ katika Muziki, anasogea karibu na ile C+ ya kuingilia chuo kikuu kuliko akilazimishwa kuchukua somo atakaloambulia D. Mzazi anayesema muziki “hauhesabiki” hajaonyeshwa jinsi alama zinavyojumlishwa, na kosa hilo ni letu sisi tunaolijua jambo hili tukanyamaza.

Na baada ya shule? Vyuo vikuu vya Kenyatta na Maseno vinafundisha muziki hadi shahada, na Maseno iko katika eneo hili hili la ziwa. Sanaa Bunifu na Spoti ni somo la lazima kwa kila mwanafunzi wa Gredi ya 7 hadi ya 9, kwa hiyo kila shule ya sekondari msingi, kuanzia Rongo hadi Isebania, inahitaji mtu wa kulifundisha. Bendi za polisi na za jeshi huajiri wapigaji wanaosoma nota. Ni kweli kwamba wanaoishi kwa jukwaa pekee ni wachache. Lakini ni wachache pia wanaosoma Fizikia wakawa wanafizikia, na hakuna mzazi anayedai Fizikia ifutwe kwa sababu hiyo.

“Ni somo la wale walioshindwa na hesabu.”

Anayesema hivi hajawahi kumtazama mpiga nyatiti kwa karibu. Aketi kando yake, atazame. Nyatiti, kinubi cha Waluo, ina nyuzi nane. Mikono miwili inazichuna, kila mkono na kazi yake. Kwenye kidole gumba cha mguu pana pete ya chuma, oduong’o, inayogonga fremu ya ala kwa mapigo yake yenyewe, na kwenye kifundo pana gara, njuga zinazolia kila mguu unapotikisika. Juu ya hayo yote, mpigaji anaimba, na wimbo wenyewe haufuati mapigo ya mguu. Mwambie mwanafunzi wa Gredi ya 10 apige makofi mawili kwa mkono wakati mguu unapiga matatu katika muda ule ule, kisha amweleze mwenzake ni wapi mapigo hayo yanakutana. Atakuwa anatafuta kigawe kidogo cha shirika, na atakitafuta kwa mwili mzima.

Orutu, fidla ya Waluo, ni mwalimu mzuri zaidi, kwa kuwa ina uzi mmoja tu na haifichi kitu. Pima uzi kwa rula ya darasani. Uvute upinde uzi ukiwa wazi, sikiliza. Ubane uzi katikati kabisa, sauti inapanda oktava moja. Uache theluthi mbili za uzi zitetemeke, na ukiihesabu sauti ya uzi ulio wazi kuwa do, unasikia so. Mwalimu wa Fizikia hufundisha uhusiano huo huo wa urefu na marudio akiwa na waya uliotundikiwa mawe ya mizani, na nusu ya darasa hukariri kanuni bila kuisikia. Wanafunzi wa Karachuonyo na Ndhiwa wamekua wakiisikia kanuni hiyo kwenye harusi na matanga. Kilichobaki ni mtu wa kuwaonyesha walichokuwa wakikisikia.

Kuhusu mtihani, Muziki una karatasi tatu: utendaji, usikilizaji, na ile ya nadharia, historia na uchanganuzi. Katika ile ya pili, mtahiniwa anachezewa melodia na kutakiwa kuiandika kwa nota huku dakika zikiyoyoma. Yeyote anayedhani hapo ni mahali pa kupumzika kwa wavivu aikalie karatasi hiyo siku moja.

Hapa lazima niwajibu pia marafiki wa muziki, kwa sababu nao wana dai lao: eti mtoto akijifunza muziki, hesabu zitapanda zenyewe. Dai hilo lilishika kasi baada ya utafiti wa Frances Rauscher na wenzake, uliochapishwa 1993, ambao uliwahusu wanafunzi wa chuo waliosikiliza Mozart kwa dakika chache na kufanya vizuri kidogo, kwa muda mfupi, katika mafumbo ya maumbo. Haukuwahusu watoto wa shule, wala haukuhusu kujifunza ala. Mwaka 2020, Giovanni Sala na Fernand Gobet walikusanya tafiti nyingi kuhusu watoto waliofundishwa muziki, na wakaonyesha kwamba tafiti zilizopangwa vizuri hazikupata faida yoyote ya maana katika akili kwa jumla au katika alama za masomo mengine. Tusiwauzie wazazi wa Uriri na Mbita ahadi ambayo haitatimia. Hesabu iliyomo ndani ya muziki ni ya kweli na inafaa kufundishwa, lakini muziki unastahili nafasi darasani kwa kile ulicho wenyewe, kama vile fasihi inavyostahili.

“Hatuna piano, hatuna pesa.”

Bei ya piano inajulikana, na hakuna bodi ya shule ya kutwa Nyatike itakayoinunua. Lakini ni nani aliyesema muziki huanzia kwenye piano? Wamisionari wa Kiadventista walifungua kituo chao cha Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Tangu enzi hizo, kwaya za makanisa ya eneo hili, za Waadventista na za madhehebu mengine, zimekuwa zikiimba kwa sauti nne kwa kusoma solfa, ile ya do, re, mi iliyoandikwa kwa herufi za kawaida. Katika vijiji vingi vya Homa Bay bado kuna akina baba na akina mama wanaoweza kuchukua karatasi ya solfa ambayo hawajawahi kuiona wakaiimba papo hapo. Walifundishwa kwa ubao, chaki na uma wa sauti, au kwa sikio la mwalimu aliyejua do yake iko wapi. Mtu anayejua solfa amekwisha kufika nusu ya njia ya kusoma nota za mistari mitano, kwa maana ameshaelewa umbali kati ya sauti na sauti.

Ala nazo zipo. Nyuzi za nyatiti, ambazo zamani zilitengenezwa kwa mishipa ya ng’ombe, siku hizi ni uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, ule ule unaouzwa madukani kando ya ziwa. Bakuli lake ni mti uliochongwa na kuwambwa ngozi ya ng’ombe. Mafundi wako vijijini, na wengi wangefurahi kupata oda ya ala kumi kutoka shuleni kuliko kungoja mtalii mmoja. Upande wa Kuria kuna iritungu, kinubi chenye tumbo kubwa na sauti nzito ya chini, ambacho darasa lingeweza kukilinganisha na nyatiti na obokano ya Wakisii, majirani zetu: familia moja ya ala, sauti tatu mbalimbali. Sijui shule ya London au Chicago ambayo inaweza kuziona ala hizo tatu kwa nauli ya matatu.

Naungama kwamba kinanda kimoja cha umeme husaidia, hasa kwa karatasi ya usikilizaji, na shule yenye uwezo inunue. Asiye nacho asikifanye kisingizio.

“Sisi tuna tamasha la muziki, hiyo yatosha.”

Hili ndilo dai zito kuliko yote, maana linatolewa na watu wanaoupenda muziki, na lina ukweli mwingi ndani yake. Tamasha la Muziki la Kenya lina historia ndefu inayorudi enzi za ukoloni. Shule hushindana kuanzia ngazi za chini, kaunti, kanda hadi taifa, na washindi hutumbuiza mbele ya rais. Limewapa watoto wa vijiji vya mbali ujasiri wa kusimama mbele ya umati. Limeokoa nyimbo za kienyeji ambazo zingekufa na wazee wake. Nalipenda tamasha hili kwa moyo wote, na hasa kwa sababu hiyo nataka liwe na kitu chini yake cha kulishikilia.

Angalia linavyoendeshwa katika shule nyingi. Msimu unapokaribia, mkuu wa shule anamtafuta mkufunzi wa nje, ambaye hulipwa kwa kila kipande atakachokifundisha. Mkufunzi anachagua wanafunzi arobaini au hamsini kati ya mamia. Wanafundishwa wimbo kwa kurudiarudia, mstari kwa mstari, jioni na Jumamosi, hadi kila kikohozi kiwe mahali pake. Solfa ikiwa imeandikwa ubaoni, ipo kwa ajili ya mkufunzi. Kwaya inakwenda, inapigiwa makofi, inarudi na kombe. Sare zinafungiwa stoo. Mkufunzi anakwenda shule nyingine. Wiki inayofuata, mwulize yule binti wa sauti ya kwanza wimbo wake ulikuwa katika ufunguo gani, kwa nini sauti ya tatu ilikuwa inashuka pale wengine wanapopanda, au ni nani aliyeutunga. Hajui, na hakuna aliyekusudia ajue. Ni sawa na kumkaririsha mtoto hotuba moja kwa Kifaransa, ikasifiwa, kisha tukasema shule yetu inafundisha Kifaransa.

Na wale mamia ambao hawakuchaguliwa? Wao hawakupata hata hotuba.

Lakini angalia pia kazi ambayo tamasha limekwisha kutufanyia. Waamuzi huandika maoni yao kwenye karatasi za kila kipande: sauti zilizoteleza, matamshi yaliyopotea, mapigo yaliyokimbia pale ngoma ilipoingia. Karatasi hizo hutazamwa alama, kisha hutupwa. Zingeingizwa darasani zingekuwa mafunzo ya muhula mzima, yaliyoandikwa na wataalamu, kuhusu uimbaji ambao wanafunzi wenyewe wameufanya. Chukua wimbo wa kienyeji mlioushindia. Katika kipindi kimoja cha dakika 40, darasa liandike mapigo ya ngoma yake. Katika kipindi cha pili, litafute ni sauti ngapi tofauti zilizotumika katika melodia. Mara nyingi litabaini kuwa ni tano tu. Katika cha tatu, kila kundi la wanafunzi wanne litunge kiitikio kipya kwa sauti hizo hizo tano. Gharama yake ni chaki. Na mwaka ujao kwaya itakayokwenda tamashani itakuwa na waimbaji wanaojua wanachokifanya, ikiongozwa, ikiwezekana, na mwanafunzi mwenzao.

“Nyatiti hujifunzwa nyumbani, shule haihusiki.”

Ilikuwa hivyo, wakati mjukuu alipokaa na babu jioni nzima. Leo mtoto wa bweni hukaa shuleni karibu miezi tisa ya mwaka, na hizo ndizo jioni alizokuwa nazo. Ikiwa shule imezichukua jioni hizo, shule imechukua na wajibu uliokuwa ndani yake.

Tena elimu ya nyumbani haikuwa ya wote. Kwa desturi, nyatiti ilikuwa ya wanaume. Ilibidi Eriko Mukoyama, binti wa Kijapani, aje Siaya kujifunza kwa mzee, apewe jina la Anyango, aipige dunia nzima, ndipo wengi wetu tukaanza kujiuliza kwa nini binti zetu hawaipigi. Leo Labdi Ommes, mwanamke Mkenya, anapiga orutu katika majukwaa ya kimataifa. Darasa ndipo mahali ambapo msichana wa shule ya Ogande na mvulana wa shule ya Agoro Sare wanaweza kupewa ala ile ile bila kuulizwa swali. Na Ayub Ogada, ambaye nyatiti na sauti yake katika “Kothbiro” vilisikika katika filamu ya *The Constant Gardener* mwaka 2005, alionyesha kwamba ala hii haina haja ya kuombewa msamaha mahali popote.

Kuna pia suala la nyumbani kwa nani. Homa Bay si ya Waluo peke yao. Visiwa vya Rusinga na Mfangano ni kwao Abasuba, ambao lugha yao iko hatarini kutoweka kwa kuwa watoto wengi hukua wakizungumza Dholuo. Wimbo wa Kisuba unaofundishwa katika shule ya Mbita huenda ukawa mahali pa mwisho ambapo mtoto atatamka maneno ya bibi yake. Migori nako kuna Waluo, Abakuria, Waluhya, Wakisii na Wasomali. Familia moja moja haiwezi kumfunza mtoto nyimbo za jirani. Hiyo ni kazi ya shule.

“Muziki unaharibu watoto. Tazama disko matanga.”

Hofu hii siipuuzi. Utafiti wa Kitaifa wa Demografia na Afya wa 2022 ulionyesha kwamba Homa Bay na Migori, katika kila wasichana 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19, 23 walikuwa wameshapata mimba, huku wastani wa nchi ukiwa 15. Mikusanyiko ya usiku inayoitwa disko matanga imetajwa mara nyingi kama mojawapo ya mahali ambapo wasichana hudhuriwa. Wazazi wanaokasirika wana haki ya kukasirika.

Lakini kinachomdhuru msichana pale ni usiku, pombe, wanaume wazima wenye pesa na kutokuwepo kwa mtu mzima wa kumlinda. Kipindi cha muziki ni saa nne asubuhi, mlango uko wazi, na mwalimu yupo. Kumnyima mtoto kipindi hicho hakumwondoi kwenye disko. Kunamwachia disko liwe mahali pekee anapokutana na muziki. Tukumbuke pia kwamba muziki wa upande huu umewahi kusema yaliyowashinda wengi kusema. UKIMWI ulipokuwa ukifyeka familia kando ya ziwa na watu wakiuita “chira”, laana ya kuvunja miiko, ni Princess Jully, mwanamuziki wa benga wa Migori, aliyeimba wazi kuhusu ugonjwa huo katika “Dunia Mbaya”. Darasa linaloweza kuusikiliza wimbo kama huo, kuuchambua muundo wake na kujadili ujumbe wake linafanya kazi ambayo semina nyingi za ushauri zimeshindwa kuifanya.

Wengine husema benga ilikua bila darasa: D. O. Misiani, aliyezaliwa Shirati ng’ambo ya mpaka, hakuhitaji cheti. Sawa, kipaji chake hakikuhitaji. Lakini wanamuziki wengi wa kizazi kile waliuza rekodi zao kwa malipo ya mara moja, kisha wakazisikia redioni miaka nenda miaka rudi bila senti. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na mtoto anayetoka shuleni bila kulijua hilo anatoka tayari kuporwa.

“Hakuna walimu.”

Hapa madai yana nguvu, na sitayakwepa. Walimu wa muziki ni wachache. Hata hivyo, shahada ya ualimu nchini humfunza mwalimu masomo mawili, na hutokea mwalimu aliyehitimu Kiswahili na Muziki akapewa vipindi vya Kiswahili pekee hadi muziki wake ukaota kutu. Tume ya Huduma ya Walimu ina rekodi za kila mmoja wao. Iwatambue walio tayari ndani ya kaunti hizi mbili, iwapange katika shule ambazo zitafungua somo, na iache kuwahesabu kama walimu wa somo moja. Mwalimu wa kwaya wa kanisa na mpiga orutu wa kijiji waalikwe darasani kama wageni wenye ujuzi na walipwe, kama wanavyolipwa wakufunzi wa tamasha. Pesa za mkufunzi wa msimu mmoja zingeweza kumlipa mzee wa nyatiti kwa vipindi vya mwaka mzima.

Kuna jambo moja ambalo walimu na wazee hawawezi kulitatua. Katika sekondari pevu, shule zilizoidhinishwa kufundisha mikondo miwili hufundisha STEM na Sayansi za Jamii. Mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Spoti hupatikana tu katika shule zenye mikondo yote mitatu. Maana yake ni kwamba mtoto wa shule ya kutwa yenye mikondo miwili, awe Suba Kusini au Kuria Mashariki, hata akiwa na kipaji cha ajabu, hawezi kuchagua muziki bila kuondoka nyumbani na kulipa karo ya bweni. Wizara ya Elimu ilikadiria kwamba wanafunzi 15 katika kila 100 wangefuata mkondo huu. Watoto hao hawako mijini na katika shule kubwa peke yake.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Elimu iruhusu shule mbili au tatu za kutwa katika kila kaunti ndogo zishirikiane kufundisha muziki, zikitumia mwalimu mmoja na chumba kimoja, kabla ya uteuzi wa shule wa mwaka ujao. Na wewe mzazi, mwanao akileta fomu ya kuchagua masomo na ameandika Muziki, mwulize anataka kujifunza nini ndani yake, umsikilize hadi mwisho, kisha utie sahihi.